Mbwa Mdogo na Mikanda Yake ya Kifuani

Siku ya kuchanja mbwa ili wakingwe na kichaa, wenye mbwa hufika kwa namna nyingi. Huyu humbeba wake kifuani kama mtoto, yule humtia kikapuni, na wengi huja wakimvuta kwa kamba iliyofungwa shingoni. Chanjo hizo ni sehemu ya mpango ambao Kenya iliuanza mwaka 2014, wenye shabaha ya kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kila mbwa hupasa kuletwa. Lakini mbwa mwenye uzito wa kilo tatu au nne akivutwa shingo, hukohoa, macho humtoka, naye hukaza miguu asiende. Mwenyewe hudhani ni ukaidi, kumbe mnyama amekosa pumzi.

Sababu yake ni hii. Shingoni mwa mbwa limo bomba la kupitishia pumzi. Bomba hilo huwekwa wazi na pete za gegedu, nazo pete hizo hazifungi duara kamili, bali zina umbo la mwezi mchanga. Katika mbwa wadogo, hasa jamii za Yorkshire Terrier, Pomeranian na Chihuahua, gegedu hizo mara nyingi hulegea kadiri umri unavyozidi, hata bomba likabonyea. Hapo mbwa hukohoa kikohozi kikavu chenye mlio kama wa bata bukini. Ukosi si asili ya ugonjwa huo, ila humzidishia taabu aliye nao. Naye mbwa wa pua fupi, kama Pug, ana shida mbili: huvuta pumzi kwa tabu tangu kuzaliwa, tena macho yake yametokeza, na shingo ikibanwa nguvu ya kusukuma macho huongezeka.

Dawa ya mambo haya ni mikanda ya kifuani. Mkanda mmoja huzunguka chini ya shingo, wa pili huzunguka mbavu nyuma ya miguu ya mbele, na miwili mingine huiunganisha, mmoja juu ya mgongo na mmoja chini ya kifua. Kamba hufungwa katika pete iliyo mgongoni. Kwa hiyo mbwa akivuta, uzito huangukia mfupa wa kidari na mbavu. Mwenye punda wa mkokoteni ataelewa upesi, maana punda wake naye huvuta kwa kifua, wala si kwa koo.

Katika miji mikubwa mikanda hii huuzwa madukani, na penginepo fundi viatu hodari aweza kuishona akipewa vipimo. Itazame kwa mbele. Iliyo bora hukutana kifuani mfano wa herufi Y, ikaacha mabega huru. Iko mingine yenye mkanda uliolala kukingama juu ya mabega. Hiyo ni rahisi kumvika mbwa, lakini humzuia kunyosha mguu mbele, naye hutembea kwa hatua fupi fupi kama mtu aliyevaa koti lililombana. Mbwa wa kutembea kila siku asivikwe hiyo.

Usinunue kwa kuamini neno “ndogo” lililoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa kila mtengenezaji ana ndogo yake. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kukadiria kwa macho. Mtoto wa mbwa wake alipoogopa pikipiki alirudi nyuma, akachomoka katika mikanda kama mkono utokavyo katika mkono wa shati, akakimbilia katikati ya barabara. Alisalimika, lakini si kwa akili ya mwenyewe.

Twaa utepe wa fundi cherehani, au uzi utakaoupima kwa rula baadaye. Mbwa asimame juu ya miguu yake minne, asiketi. Pima shingo pale inapoungana na mabega. Kisha pima kifua mahali palipo panene kupita pote, upana wa vidole viwili nyuma ya kwapa, maana mkanda ukigusa kwapa huchubua ngozi kwa muda mfupi sana. Ukiisha kumvika, ingiza vidole viwili bapa kati ya mkanda na mwili. Kwa mbwa mdogo kabisa kidole kimoja chatosha. Visipoingia, mkanda unambana. Vikiingia na nafasi ikabaki, atachomoka. Mwongoze hatua ishirini, kisha vuta kamba polepole kutoka mbele yake, uone kama kichwa kitapita.

Bizimu nazo zisiwe nzito. Chuma cha kumfungia mbwa mkubwa humwelemea mdogo, na hata ndoano ya kamba yapasa kuwa ndogo. Nailoni laini yafaa kwa mvua kwa kuwa hukauka upesi. Ngozi ni nzuri, lakini ikilowa na kukauka bila mafuta huwa ngumu, kingo zake zikakata.

Mtoto wa mbwa apimwe upya kila juma, kwa kuwa hukua na mkanda haukui. Waya usitumike kamwe, wala kamba ya katani isiachwe shingoni usiku na mchana. Wako mbwa waliopatikana kamba imezama ndani ya nyama, na nywele zimefunika kidonda. Mikanda ivuliwe jioni, na unapoivua pekua chini yake, kwa maana kupe hupenda kujificha hapo.

Siku ya chanjo mvike nyumbani, baada ya kumzoeza siku kadhaa akiwa amepewa kipande cha chakula. Penye mstari wa watu na mbwa kamba ishikwe fupi. Iwapo mtu ataumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na mbwa aonekana mzima.