Fahamu: Namna ya kumsaidia ndugu mwenye baipola

Machi 30, tarehe aliyozaliwa mchoraji Vincent van Gogh, ndiyo Siku ya Baipola Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi na maradhi haya ya akili, ambayo hisia hushuka na kupanda kwa vipindi.

Kipindi cha huzuni familia hukitambua upesi. Kinachowapiga chenga wengi ni kile cha kupanda: ndugu halali wala hachoki, anaongea mfululizo, anagawa fedha, anataka kuuza kiwanja. Jirani humwona mchangamfu tu! Kubishana naye wakati huo ni kazi bure. Afadhali mkubaliane mapema, akiwa ametulia, nani atashika kadi ya benki na daktari yupi apigiwe simu.

Usingizi ukianza kupungua, msisubiri.

Halafu kuna dawa. Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliripoti manufaa yake mwaka 1949, ingali inatumika, ila inadai vipimo vya damu. Kuharisha, jasho jingi au ibuprofeni vinaweza kuizidisha mwilini hadi iwe sumu. Mgonjwa akitetemeka sana na kupepesuka, mpelekeni hospitali mara moja. Akizungumzia kujiua, msimwache peke yake.