Majemadari wa Gettysburg

Katika mwaka 1861 nchi ya Marekani iligawanyika. Majimbo kumi na moja ya Kusini, ambayo matajiri wake walilimisha mashamba ya pamba kwa kazi ya watumwa, yalijitoa katika umoja wa nchi yakajifanyia serikali yao wenyewe, kwa kuwa yaliogopa ya kwamba Rais mpya, Abraham Lincoln, atauzuia utumwa usienee. Watu wa Kaskazini hawakukubali nchi ivunjwe. Basi ndugu wakapigana na ndugu muda wa miaka minne. Hata Unguja vita vile vilijulikana, maana nguo za merikani, zilizoletwa na merikebu za Kimarekani, ziliadimika sokoni.

Mwezi wa Juni mwaka 1863, Jemadari Robert E. Lee, mkuu wa jeshi kubwa la Kusini, alivuka mto Potomac akaingia katika jimbo la Pennsylvania. Alitaka kulisha askari wake kwa mavuno ya adui, na kuwashinda watu wa Kaskazini katika nchi yao wenyewe, ili wachoke na vita. Njiani askari wake walikamata watu weusi, na baadhi yao walikuwa watu huru tangu kuzaliwa, wakawapeleka Kusini utumwani. Wengi wanaousifu ushujaa wa jeshi lile hulipita jambo hili kimya, walakini si haki kulisahau.

Lee alikuwa na watu kama 75,000. Walimpenda na kumwamini kabisa, kwani katika muda wa miezi sita alikuwa amewashinda adui mara mbili, naye kila mara alikuwa na watu wachache kuliko wao. Lakini mkono wake wa kuume ulikuwa umekatika. Jemadari Jackson, aliyekuwa hodari kupita wote katika kutimiza mashauri yake, alipigwa risasi gizani na askari wake mwenyewe kwa kukosea, akafa mwezi wa Mei. Baada ya kifo chake Lee akaligawanya jeshi mafungu matatu: moja akampa Longstreet, mtu wa hadhari, na mawili akawapa Ewell na Hill, ambao hawakuwa wamezoea kuongoza watu wengi namna ile. Tena Stuart, mkuu wa askari wapanda farasi, alikuwa amekwenda mbali kulizunguka jeshi la adui. Jeshi lisilo na wapanda farasi mbele yake ni kama mtu atembeaye usiku bila taa. Lee hakujua adui walipo.

Upande wa Kaskazini kulikuwa na watu kama 90,000, katika mafungu saba. Jeshi hili halikuwa na upungufu wa chakula wala mizinga. Upungufu wake ulikuwa katika wakuu, maana Lincoln aliwaondoa mmoja baada ya mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni mjumbe alimwamsha Jemadari George Meade hemani mwake, akampa habari kwamba yeye ndiye mkuu mpya. Siku tatu baadaye vita vilianza.

Hakuna aliyeuchagua mji wa Gettysburg. Ulikuwa mji mdogo, lakini njia nyingi zilikutana hapo, na kwa njia hizo majeshi yakakutana tarehe 1 Julai. Buford, mkuu wa wapanda farasi wa Kaskazini, aliona kwamba vilima vilivyo kusini ya mji vyafaa sana kwa vita. Akawashusha watu wake katika farasi, wakawazuia adui hata askari wa miguu walipofika. Jemadari Reynolds aliyewaleta akapigwa risasi akafa papo hapo. Alasiri watu wa Kaskazini wakasukumwa, wakakimbia katikati ya mji, wakapanda kilima cha makaburi. Lee akamwagiza Ewell akitwae kilima kile, kama yamkini. Jackson angaliliona neno hilo kuwa amri. Ewell akaona haiyamkini, akangoja. Usiku kucha watu wa Kaskazini walichimba na kujenga boma.

Safu yao ilikuwa na umbo la ndoana, kadiri ya maili tatu. Watu wa Kusini waliizunguka kwa nje, kwa hiyo safu yao ilikuwa ndefu zaidi ingawa watu wao walikuwa wachache. Meade aliweza kupeleka msaada upesi toka upande huu hata upande huu kwa kukata katikati. Mjumbe wa Lee alipaswa kuzunguka mbali.

Siku ya pili Jemadari Sickles wa Kaskazini aliliacha mahali pake bila amri, akapeleka fungu lake mbele katika shamba la miti ya matunda. Longstreet akalivunja, na Sickles akapotewa na mguu. Kilima kilicho mwisho wa safu kilikuwa kitupu. Warren, mhandisi wa jeshi, alikiona, akatuma watu mbio. Katika waliofika alikuwako Chamberlain, aliyekuwa mwalimu wa chuo kabla ya vita. Watu wake walipokaribia kuishiwa na risasi aliwaamuru watie singe, wakateremka mlimani kwa ghafula, na adui wakakimbia.

Siku ya tatu Lee aliamua kuvunja safu katikati. Longstreet alimpinga wazi, lakini aliyeamuru alikuwa Lee. Mizinga ikanguruma muda mrefu. Moshi ukafunika nchi, na makombora mengi yakapita juu ya vichwa vya watu wa Kaskazini. Kisha Pickett akaja kuuliza kama aende. Longstreet hakuweza kutamka neno, akainamisha kichwa tu. Watu 12,500 hivi wakatembea uwandani, karibu maili moja, pasipo mti wala jiwe la kujifichia. Jemadari Armistead aliinua kofia yake juu ya ncha ya upanga, akauvuka ukuta wa mawe pamoja na watu wachache, akaanguka. Aliyewaongoza watu waliomwua alikuwa Hancock, rafiki yake wa zamani; naye alijeruhiwa saa ile ile. Nusu ya watu wale hawakurudi. Lee aliwaendea waliosalia juu ya farasi wake, akawaambia kwamba kosa ni lake.

Katika siku tatu hizo watu kama 50,000 wa pande mbili waliuawa, au walijeruhiwa, au walitekwa. Tarehe 4 Julai mvua kubwa ilinyesha, na Lee akaanza kurudi. Siku ile ile mji wa Vicksburg, katika mto Mississippi, ulijisalimisha kwa Jemadari Grant. Mto Potomac ulikuwa umefurika, jeshi la Kusini likakwama ukingoni. Lakini watu wa Meade walikuwa wamechoka, na wakuu wengi wameumia, wala yeye hakuharakisha. Lee akavuka usiku. Vita viliendelea karibu miaka miwili tena.

Lincoln aliposikia alihuzunika sana. Alimwandikia Meade barua ya kumlaumu. Kisha akaiweka, wala hakuipeleka kamwe.