Miguu Inaposhikwa: Mazoezi kwa Mwenye Ugonjwa wa Parkinson



Labda katika jamaa yako kuna muzee ambaye mukono wake unatetemeka wakati haufanyi kazi. Anatembea polepole, kwa hatua fupifupi. Akifika mulangoni, miguu inakataa, kama imenaswa na ulimbo. Wamoja wanasema: «Amelogwa.» Wengine wanasema: «Ni uvivu tu.» Hapana! Ni ugonjwa. Munganga Mwingereza, James Parkinson, aliandika habari zake mwaka wa 1817, na leo unaitwa kwa jina lake.

Sababu yake ni nini? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Hiyo inasaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha, hata bila mutu kufikiri. Katika ugonjwa huu, sehemu ile inakufa kidogo kidogo. Miguu ingali na nguvu, lakini amri ya ubongo haifiki vizuri. Basi tunapashwa kuitafutia amri ile njia ingine.

Namna ya kusaidia

1. *Miguu ikishikwa.* Usimuvute! Ukimuvuta, ataanguka. Umuache asimame na kupumua. Ahamishe uzito toka muguu huu mpaka ule. Halafu muhesabu pamoja: moja, mbili, moja, mbili, au muimbe wimbo wa Kanisa, na kila pigo hatua moja. Pale mulangoni, chora mistari ya chaki chini, naye aivuke mumoja mumoja. Mutu aliyeshindwa kupita mahali patupu, mara nyingi anaweza kuvuka mustari.

2. *Kugeuka.* Asizunguke mahali pamoja. Azunguke kwa upana, kama motokari kubwa.

3. *Kutoka kitini.* Asogee mpaka ukingo wa kiti, arudishe miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele sana, ahesabu mpaka tatu, asimame.

4. *Kunyoosha mwili.* Kila siku asimame akiegemeza mugongo ukutani, ainue mikono polepole. Kisha akae, ageuze kifua kuume na kushoto, akipumua kwa utulivu.

Wamoja wananiuliza juu ya yoga, mazoezi yaliyotoka India. Katika mwaka wa 2019, wachunguzi wa Hong Kong walitangaza habari za wagonjwa 138 wa Parkinson. Kundi moja lilifanya yoga pamoja na kutuliza mawazo, lingine mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu, kwa majuma 8. Kwa mwendo, yote mawili yalisaidia sawasawa. Lakini yoga ilipunguza zaidi wasiwasi na huzuni. Basi mutu asiye na mwalimu wa yoga asihangaike. Anyooshe mwili polepole, apumue, na moyo wake utulie mbele ya Mungu.

Angalisho. Mazoezi hayaponyeshi ugonjwa, wala hayachukui nafasi ya dawa. Kama anameza levodopa, asiiache kwa gafula, ni hatari. Afanye mazoezi saa ile dawa inapofanya kazi vizuri. Kiti kizito kiwe karibu, na mutu mumoja pembeni yake. Akianza kuanguka mara kwa mara, mumulete hospitali.

Tena, usimufiche muzee wako nyumbani, maana mwili unaokaa tu unazidi kukauka. Jioni ya leo tafuta chaki, uchore ile mistari mulangoni. Siku ya Mungu, mutembee pamoja mpaka Kanisani, mukiimba njiani.