Fahamu: Uvimbe wa tezi ya pituitari, je, hukua?
Shika punje ya njegere pale sokoni Kariakoo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo nyuma ya pua, ina ukubwa huo tu, lakini huongoza homoni nyingi mwilini.

Uvimbe wake kwa kawaida si saratani. Ulio chini ya sentimita 1 mara nyingi haukui, au hukua polepole. Hufuatiliwa kwa kipimo cha MRI. Ukikua, waweza kukandamiza mishipa ya macho: mtu anavuka Mtaa wa Msimbazi asiione bodaboda inayotokea ubavuni.

Uvimbe unaozidisha homoni ya prolaktini huvuruga hedhi, na hutibiwa zaidi kwa vidonge. Mwingine hutolewa kupitia puani.

Ukiona dalili hizi, usingoje. Hospitali ya Muhimbili ni jirani na Kariakoo, pale Upanga.