Nakuru hadi Nairobi kwa pikipiki na kibao cha L: panga pesa kabla ya mafuta

Umejifunza pikipiki wiki kadhaa, gia zimekubali, na sasa kichwani kuna safari moja tu: Nakuru hadi Nairobi, kilomita 160 hivi. Tunakuelewa. Lakini kabla tufike kwa pesa, tumalize ya leseni, kwa sababu hiyo ndiyo inaweza kukugharimu zaidi.

Leseni ya muda kutoka NTSA ni ya kujifunza na kufanya mtihani. Bima nazo kwa kawaida hutaka anayeendesha awe na leseni halali ya daraja la chombo chenyewe, na kwa pikipiki madaraja ni A1, A2 na A3. Ukianguka ukiwa umevunja masharti, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na bili ya hospitali haiulizi kama ulikuwa unajifunza. Kwa hivyo muulize mwalimu wako, piga simu kwa bima, na ikiwezekana fanya mtihani kwanza. Nairobi haihami. Ukienda, uwe na mwenye uzoefu. Helmeti na reflekta ni lazima kisheria.

Haya, pesa.

Wengi wakipiga hesabu ya safari huwaza mafuta tu. Kusema kweli mafuta si tatizo. Pikipiki ya cc 150 hutumia lita 4 hivi kwa umbali huo, na bei unaijua mapema kwa sababu EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Jaza Nakuru, umemaliza. Kinachovuruga bajeti ni kile ambacho hukupanga.

Binamu yangu alipata pancha karibu na Kinungi, saa kumi na moja jioni, ukungu ukianza kushuka. Mwenzake alikuwa ameshatangulia na simu yake haishiki. Fundi alitaka shilingi 600 pamoja na tyubu mpya. Binamu akampigia mamake, mama akatuma 700 hapo hapo. Kuangalia salio, shilingi 43. Zingine zilikuwa zimelipa deni la ovadrafti alilochukua wiki iliyopita na kulisahau.

Hivyo ndivyo ovadrafti ya simu inavyofanya kazi: pesa ikiingia, deni linalipwa kwanza. Haijali pesa imetoka kwa nani wala ni ya kazi gani. Ukiwa nyumbani unaweza hata usione. Ukiwa kando ya barabara na malori yanapita, utaona vizuri sana.

Dawa ya kwanza ni kulipa hilo deni kabla ya kutoka. Kama huwezi, basi usitumiwe pesa wewe. Mwambie anayekusaidia amlipe fundi moja kwa moja. Mara ya pili mamake binamu alifanya hivyo: fundi akamsomea namba yake ya Till kwa simu, mama akaiingiza, na kabla ya kuweka PIN akamsomea jina lililotokea. Jina likawa la duka la vipuri la jirani, si la fundi. Ni kawaida sana barabarani, lakini mama aliuliza kwanza, na mwenye duka akatoka kuthibitisha. Dakika moja tu. Akikosea namba na anatumia M-PESA, apeleke ule ujumbe wa muamala kwa 456 haraka, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa, kurudishiwa ni ngumu.

Na usiingize pesa zote za safari kwa simu. Beba noti ndogo ndogo, hata 500 tu, kwa mfuko tofauti na wa simu. Ukisimama Kikopey ule nyama, lipa kwa Till ukipenda, lakini acha hizo noti zikae. Simu inaweza kuisha chaji, mtandao unaweza kupotea, na mwenye kibanda asiwe na Till.

Ujumbe ukiingia ukiwa kwenye mwendo, uache. Wale wa "nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie" hupenda mtu aliye na haraka, na mwenye glavu na helmeti ana haraka kila wakati. Simama mahali salama, angalia salio lako mwenyewe, si ule ujumbe. Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Ukisimamishwa na uambiwe utume faini kwa namba ya simu ya mtu, hiyo si faini. Malipo ya serikali yanapitia eCitizen, Paybill 222222.

Ukipita Kangemi, toa simu kwa kile kishikio cha usukani. Pikipiki haziruhusiwi juu ya Expressway, kwa hivyo utakuwa chini pamoja na foleni ya Waiyaki Way, na simu inayong'aa mbele yako ni rahisi kunyakuliwa. Iweke mfuko wa ndani wenye zipu.

Ikinyakuliwa, usiikimbize na pikipiki. Azima simu, piga huduma kwa wateja, fungisha laini na akaunti. Watakuuliza namba ya kitambulisho, kwa hivyo iandike kwa karatasi pamoja na namba mbili za watu wa nyumbani, uiweke kwa kiatu. PIN usiiandike popote.