Kumvua Besi: Fimbo ya Vipande Vinne Inatosha

Besi mdomo-mpana si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Kwao ni maziwa na mito ya Amerika Kaskazini, na aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wapenzi wa uvuvi wa burudani wapate samaki wa kupimana naye nguvu. Karibu karne moja baadaye bado yumo, amejibanza pembezoni mwa mafunjo akiwinda kamba wekundu wa Louisiana, ambao nao waliingizwa ziwani mwaka 1970. Pamoja na samaki huyo tumerithi mawaidha ya namna ya kumvua, na mawaidha hayo yana asili yake. Mengi yametoka Marekani, kwenye mashindano yaliyopata umaarufu tangu Ray Scott alipoandaa yale ya Beaver Lake, Arkansas, mwaka 1967. Mshindani wa kule hufika ziwani na pikapu inayovuta boti, na ndani ya boti mna sanduku refu la kulazia fimbo. Akiambiwa anunue fimbo ya futi 7 isiyo na kiungo hata kimoja, hana la kumsumbua. Anayetoka Nairobi kwa matatu, akashuka Naivasha mjini na kupanda bodaboda hadi Kamere au Karagita, ana hesabu nyingine. Futi 7 ni sentimita 213, na kitu cha urefu huo hakipandi matatu iliyojaa bila kuhatarisha jicho la mtu. Ndiyo maana nasema fimbo ichaguliwe kwa kuangalia safari kwanza, kisha samaki. Kwa mwenye bajeti ya dola 50 hivi za Marekani, mambo hayo mawili yanakutana kwenye fimbo ya vipande vinne.

Tuanze na anachodai samaki mwenyewe, kwa kuwa urahisi wa kubeba hauna maana kama fimbo haivui. Besi ni mviziaji. Hutulia kando ya kichaka, gogo au gugumaji, na chambo kikimkaribia hufungua mdomo wake mkubwa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na chambo. Akigundua kuwa amemeza plastiki hukitema upesi. Mvuvi basi anahitaji ncha nyepesi itakayomletea mkononi habari ya mguso huo mdogo, na chini ya ncha hiyo anahitaji kiuno kigumu cha kuizamisha ndoana kwenye mdomo mgumu na kumtoa samaki kabla hajajizungusha kwenye mashina ya mafunjo. Watengenezaji hueleza sifa hizi kwa vipimo viwili ambavyo wanunuzi wengi huvichanganya. Kimoja ni nguvu, yaani mzigo ambao fimbo inaweza kuubeba. Kingine ni mpindo, yaani mahali fimbo inapoanzia kupinda. Fimbo yenye nguvu ya wastani na mpindo ulio karibu na ncha ndiyo inayomfaa besi wa kawaida. Hurusha vizuri chambo cha gramu 7 hadi 20 na hukubali mshipi wa kukatika kwa kilo 4 hadi 6. Urefu wa futi 6 na nusu hadi 7 humwezesha mvuvi kurusha mbali kutoka kwenye boti ndogo huku mwenzake aliyekaa nyuma akiwa salama.

Fimbo yenye sifa hizo ikikatwa vipande vinne, kila kipande huwa na sentimita 55 hivi, hivyo huingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nguo na chakula. Mshindani wake dukani ni fimbo ya kuchomoa, ile ambayo vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine kama antena ya redio. Aghalabu hiyo ni ya bei ya chini, hufungwa ikawa fupi zaidi, na hufunguliwa kwa nusu dakika, kwa hiyo humvuta mnunuzi mgeni. Kasoro yake imo kwenye umbo lenyewe. Ili kipande kimoja kipite ndani ya kingine, pete za kupitishia mshipi karibu zote hulazimika kukaa kwenye miisho ya vipande. Hapo idadi ya pete huamuliwa na idadi ya vipande, wakati ilipasa kuamuliwa na namna fimbo inavyopinda. Fimbo ya futi 7 ya kuvulia besi huhitaji pete saba au nane, zikiwa zimesogeleana kadiri unavyoelekea nchani. Zikipungua, mshipi hukata kona kati ya pete na pete, na fimbo ikijikunja mzigo hulemea sehemu chache badala ya kusambaa mwili mzima. Tena vipande hivyo hushikana kwa kubanana tu. Mchanga kidogo ukiingia kati yake, fimbo hugoma kufunga au huanza kujifunga yenyewe samaki akiwa kwenye ndoana. Vipande vinne vinavyochomekana havina ugonjwa huo, kwa sababu pete hufungwa popote zinapotakiwa, na kiungo kikichafuka hufutwa kwa kitambaa.

Wajuzi wataleta pingamizi hapa: kila kiungo ni mahali pagumu pasipopinda, basi viungo vitatu vitaua hisia na kuongeza uzito. Pingamizi hili lilikuwa na nguvu sana enzi za viungo vya chuma, maana chuma kilikuwa kizito na hakikupinda pamoja na mwili wa fimbo. Siku hizi kiungo hutengenezwa kwa malighafi ileile ya fimbo, kipande kimoja kikivaa kingine kwa sentimita chache, na chote hujikunja pamoja na jirani zake. Ugumu haukuisha kabisa. Ukiweka sawa fimbo mbili za ubora mmoja, isiyo na kiungo itakuwa nyepesi kidogo na itasikia mguso vizuri kidogo. Lakini angalia wanaovua trauti kwa inzi bandia, ambao wanategemea mpindo wa fimbo kuliko wavuvi wengine wote, kwa kuwa wao hurusha uzito wa mshipi wenyewe. Hao wamekwisha kuikubali fimbo ya vipande vinne kuwa ya kawaida, hata kwenye fimbo za bei ya juu. Kama viungo vingekuwa vinaua mpindo, wao wangekuwa wa kwanza kuvikataa. Hasara ya kiungo kizuri ni ndogo, na faida yake ni kwamba fimbo inafika ziwani. Fimbo bora iliyobaki nyuma ya mlango wa nyumba haijawahi kumvua samaki.

Swali linalofuata ni la malighafi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fimbo za faiba zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na za kaboni zikafuata miaka ya 1970. Kaboni ni nyepesi na hupeleka mtetemo mkononi haraka. Faiba ni nzito na ya pole zaidi, ila huvumilia kugongwa. Kwenye mpini wa fimbo nyingi utakuta maandishi kama IM6, IM7 au IM8, na muuzaji atakuambia namba kubwa ndiyo bora. Majina hayo asili yake ni ya kibiashara ya nyuzi za kampuni moja ya Marekani. Hayakuwa kipimo kinachoilazimu tasnia nzima, kwa hiyo IM8 ya mtengenezaji huyu haina lazima ya kuishinda IM6 ya yule. Kuna na jambo la pili. Nyuzi ngumu zaidi humwezesha mtengenezaji kupunguza unene wa ukuta wa fimbo ili kupunguza uzito, na ukuta mwembamba hauvumilii kugongwa na ukingo wa boti wala kubanwa chini ya mzigo wa matatu. Fimbo ya safari inapata misukosuko kuliko ya kukaa sandukuni. Kwa bajeti ndogo, mchanganyiko wa kaboni na faiba au kaboni ya kawaida yenye ukuta wa kutosha ni chaguo la busara. Fedha inayobaki iende kwenye pete na viungo, kwa sababu huko ndiko fimbo za bei nafuu hufia.

Ubora wa sehemu hizo unapimika palepale dukani bila kifaa chochote cha kitaalamu. Unganisha vipande vyote vinne, kisha funga jicho moja na uchungulie kuanzia mpinini hadi nchani: pete zote zipange mstari mmoja, na mwili usipinde upande. Shika mpini na uitikise fimbo polepole. Ukisikia kugonga kwenye kiungo, vipande havijashikana. Kwenye viungo vinavyoingizwa kwa kijiti cha ndani, inapendeza kuona upenyo mdogo wa milimita chache kati ya vipande, maana ndio akiba ya kukaza kadiri kiungo kinavyolika. Ukiona vimekutana kabisa kwenye fimbo mpya ya aina hiyo, siku kikilika hutakuwa na pa kukazia. Mwisho chukua kipande cha pamba na ukipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikitoka safi, pete ni laini. Ikiacha nyuzi zimenasa, pana ufa au ukali ambao macho hayakuuona, na ufa huo utaukata mshipi siku utakapomnasa samaki mkubwa. Majaribio hayo hayazidi dakika tano, na yanakuambia mengi kuliko maandishi ya dhahabu kwenye mpini.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo linatoka upande wa pili kabisa: kwa nini kununua fimbo, ilhali ufito wa mwanzi huvua samaki kila siku? Watetezi wa hoja hii hupenda kumtaja George Perry, Mmarekani aliyemvua besi wa kilo 10.09 huko Montgomery Lake, Georgia, tarehe 2 Juni 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kabla ya fimbo za faiba na za kaboni kuingia madukani. Rekodi hiyo haijavunjwa waziwazi hadi leo. Samaki wa kilo 10.12 aliyevuliwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009 alihesabiwa kuwa sare, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo mno. Mfano wa Perry unathibitisha kwamba besi haulizi bei ya fimbo, na hapo nakubaliana nao. Hauthibitishi kwamba ufito unatosha, kwa sababu Perry mwenyewe alitumia fimbo yenye rili ya kurushia chambo bandia. Ufito humfaa samaki aliye miguuni pako. Naivasha, ambako kusimama karibu na mafunjo ni kumkaribisha kiboko, chambo chako lazima kiende mbali kuliko wewe.

Kwa hiyo ukienda dukani, taja mambo manne: vipande vinne, futi 6 na nusu hadi 7, nguvu ya wastani, mpindo wa karibu na ncha. Ukiletewa ya kuchomoa, irudishe. Ukiletewa yenye namba kubwa ya kaboni, ipishe pamba kwenye pete zake kwanza, ndipo uulize bei.