Madaftari ya Zamani Yasiwashe Moto

Katika nyumba nyingi hapa kwetu kuna katoni au sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mna madaftari ya shule, ripoti za muhula, pengine mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano. Siku ya kufagia, karatasi hizo huenda jikoni kuwasha moto, ama kwa muuza njugu. Ati ni takataka. Sisi hatukubali.

Chukua daftari la insha la mwaka 1984. Mwaka huo mvua ilikosekana, nchi ikaletewa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Ukimuuliza mtu mzima leo atakwambia tu, "Tulikula yale ya manjano." Lakini mtoto wa wakati ule huenda aliandika ni nani alitumwa kupanga laini, ugali ulinukiaje, na ni ng'ombe gani aliuzwa. Sisi wakubwa mambo hayo tumeyasahau, au tumeyapamba kwa kuyasimulia mara nyingi. Daftari halipambi.

Hata hesabu zina habari. Zile za kununua sukari na mafuta ya taa kwa shilingi na senti huwachekesha sana watoto wa siku hizi. Ripoti nazo zinaeleza mabadiliko ya masomo. Waliokuwa darasa la saba mwaka 1984 waliendelea hadi la nane, wakafanya KCPE ya kwanza mwaka 1985. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa hivyo mtoto aliye darasa la kwanza leo ataujua kwa kuambiwa tu.

Lakini tuseme ukweli, kuna madaftari yanayouma. Mama aliyetolewa shule darasa la tano ili kakake aendelee, daftari lake linaishia katikati. Kurasa zilizobaki ni nyeupe. Kikundi kikiamua kuleta madaftari mkutanoni, mama huyo asilazimishwe. Akitaka mwenyewe kulionyesha, asikizwe bila haraka, na binti zake wawepo kama yeye anapenda.

Sasa, kuyatunza. Adui wa karatasi ni unyevu, jua, panya na mchwa. Sanduku la bati ni zuri, ila liinuliwe juu ya matofali, lisiguse sakafu wala ukuta. Dari la jikoni halifai: ni kweli moshi hufukuza wadudu, lakini karatasi hugeuka rangi na kuvunjika. Toeni pini zilizoshika kutu. Palipopasuka msibandike selotepu, maana gundi yake huacha alama ya kahawia. Daftari likilowa, likaushwe kivulini penye upepo, wala si karibu na moto. Kila mwaka, msimu wa kiangazi, fungueni sanduku mkague.

Mwenye simu ya kamera apige picha kila ukurasa, mchana, karibu na mlango. Hata hivyo asitupe daftari lenyewe, kwani simu huibiwa na kuharibika.

Mwisho, andikeni ndani ya jalada jina la mwenye daftari, shule, darasa na mwaka. Tumieni penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi hufifia na ukilowa husambaa. Fanyeni hivyo wakati nyanya na babu wangali wanakumbuka mwandiko ni wa nani.